Nyuzi

Likifika gereji, gari la Mwalimu Kiondo
lina adabu za mgeni wa siku ya kwanza.
Mshale katikati, mngurumo laini,
halikohoi, halitoi moshi,
na mwenyewe amesimama pembeni, shati limemganda mgongoni,
anaapa: "Jana, Zahara, wallahi jana..."

Namwamini.

Anasema hutokea njia ya Kiomoni,
mara baada ya kalavati, mara kabla,
mara wiki nzima kimya.
Mshale huanguka kama mtu aliyesahau jina lake,
feni huvuma yenyewe, bomba hutema weusi,
harufu ya petroli huingia hadi kwenye madaftari ya watoto.
Akizima anunue mkate, haliwaki tena mpaka lipoe.

Wamekwisha kumla, masikini.
Thamostati imetolewa. Haikuwa na kosa.
Mfuniko wa rejeta, hauna kosa.
Plagi nne, pampu ya maji,
wote wamehukumiwa bila kusikilizwa.
Mikanjuni walimwambia auze.

Nachomeka mashine, inanisomea kumbukumbu:
sensa ya joto la maji, mzunguko umekatika.
Si sasa. Wakati fulani.
Nacheka peke yangu.
Mwezi wa pili, Tanga, saa nane mchana,
lami ya Barabara ya Kumi na Tano inang'ang'ania kandambili,
na ndani ya kisanduku chake cha akili
gari hili liliamini limo kwenye baridi
ya nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Likajifunika petroli kama mtu ajifunikavyo blanketi.
Halikuwa jeuri. Lilitii lilichoambiwa.

Wengine wangenunua sensa mpya, yakaisha.
Mimi naifungua iliyopo, naazima birika kwa Bi Hadia wa chapati,
naitumbukiza, nashika mita.
Maji yakipanda moto, omu zinashuka,
elfu mbili, elfu moja, mia tatu,
taratibu, bila kuruka ngazi hata moja.
"Unapika nini?"
"Shahidi."
"Kaiva?"
"Kaiva. Na anasema kweli."

Basi mwongo yuko njiani,
kati ya shahidi na hakimu.

Narudisha sensa, nawasha, naacha injini ishike moto.
Jicho kwenye kioo cha mashine, mkono kwenye waya.
Natingisha nyuma ya betri: themanini na nane.
Natingisha chini ya mpira wa rejeta: themanini na nane.
Nakaribia soketi. Themanini na nane.
Navuta kidogo, kwa heshima,

arobaini chini ya sifuri.

Feni inapiga kelele, Mwalimu anaruka.
Naachia. Themanini na nane.

Pini moja imevaa kijani,
chumvi ya Sahare, anakoliegesha usiku.
Na waya wake, ganda zima kabisa, hata mkwaruzo hakuna;
nalichana kwa wembe:
ndani nyuzi za shaba zimebaki mbili,
zimeshikana kwa ncha,
kila kalavati zinaachana, kisha zinapatana.

Nakata. Naunga. Nalehemu. Navalisha soketi nyingine.
Tunakwenda Kiomoni na kurudi mara tano,
la tano nalipita kalavati kwa makusudi, kwa kasi, kwa ubaya.
Kimya.

Mwalimu anacheka kama aliyeachiwa huru.
Mimi bado.
Kilichovunjika moja kwa moja, ukikiunga unaona.
Hiki cha kuja na kwenda hakiagi,
hakikuachii hati kwamba kimehama.
Nilichonacho mkononi ni kwamba leo hakikuja.

Jumatano naitazama simu.
Alhamisi naitazama.
Ijumaa inalia, jina ni lake,
moyo unaniporomoka kama ule mshale.

Anauliza kama najua waliko
wale aliowafukuza: thamostati, mfuniko, pampu.
Namwambia akaulize Mikanjuni.